Gari la Baba, Matairi Yangu

Msomaji wangu, kama umekalia stuli, hamia kwenye kiti chenye mgongo. Ninachokusimulia leo, hata mimi niliyekuwepo bado sikiamini. Kama video yenyewe isingekuwa ndani ya simu hii hii ninayoandikia, ningesema niliota.

Kwa aliyeingia leo: mtaani wananiita Chaji, maana nikiingia nyumba ya mtu, neno la kwanza ni shikamoo, la pili ni "mna chaji?" Baba yangu ana pikapu. Ndiyo tunayobebea saruji, mbao, mabati, chochote kinachomshinda mtu kukibeba kichwani. Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu, usukani nikaushika mimi, bintiye. Na tangu siku hiyo baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, hajalala vizuri.

Wiki iliyopita uliniacha katikati ya mlima wa zahanati, tope mpaka mlangoni, trekta inanivuta kinyumenyume na mtu ananirekodi. Mimi! Mimi ndiye ninayerekodi watu! Video ikazunguka mpaka ikanirudia mwenyewe, imeshawekewa muziki.

Baba akatoa neno lake. Nesi wa zahanati bado anangoja tangi la maji kule juu. Nikilifikisha Jumamosi bila kuvutwa na trekta, pikapu naendesha mimi na hakuna wa kuniuliza tena. Nikishindwa, ufunguo unakwenda kwa baba mdogo, ambaye keshatangaza kwamba ataihamishia mji mwingine, huko "kwenye biashara za watu wazima."

Sawa. Watu wazima tutaonana.

Mimi sikulia. Nilikwenda kuliangalia gari. Nikalala chini yake, nikamulika kwa simu. Tope lilikuwa limeganda tumboni kote. Hapo nikaelewa kila kitu. Mikono yangu haikuwa na kosa. Gari lilikuwa limekaa juu ya tope kwa tumbo, magurudumu yanazunguka bure kama miguu ya mtoto kwenye kiti kirefu. Matairi yalikuwa madogo, na yameisha kama ndala za bafuni.

Asubuhi yake nikaenda kwa muuza matairi. Alikuwa na seti kubwa, nene, yenye meno, iliyotoka kwenye gari la machimbo, na rimu zake juu.

"Nataka hayo."

"Hayo hayaingii kwenye kigari chenu, dada."

"Kigari?"

"Haya, gari. Utanipa nini?"

Lakini mguu wake ulikuwa unagonga chini, unafuata mdundo wa muziki uliotoka kwenye pikapu. Macho yalikuwa nyuma ya kiti changu, kwenye spika. Spika zangu! Nilizozifunga mwenyewe, waya kwa waya, nikijifunza kwenye simu. Spika ambazo nikipita, watoto wanatoka nje kucheza.

"Spika hizo," akasema, "na matairi yenu ya zamani na rimu zake."

Nilizima muziki. Nikamwambia chukua.

Siku hiyo nililia kidogo. Lakini nililia nikiwa naendesha, kwa hiyo haihesabiki.

Ijumaa tukawa gereji kwa mjomba, kaka yake mama. Watu wanamwita Spana. Ni mwembamba, mrefu, na akiwa kazini haongei mpaka umuulize mara mbili. Aliyatazama matairi, akatazama nafasi ya kuyaweka, akatingisha kichwa.

"Likigusa popote, litakula. Likila madigadi, sawa. Likila bomba la breki, utafika mlimani ukiwa umetangulia gari."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Nimesema haiwezekani? Nimesema litakula. Lete msumeno."

Akakata kingo za madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu. Akaweka vipande vya chuma kwenye springi ili bodi inyanyuke. Akafunga gurudumu moja baada ya jingine, kila nati anaikaza, anaiacha, anakwenda ya upande wa pili, anarudi. Akageuza usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, huku ameingiza vidole vyake mwenyewe kati ya tairi na bomba la breki. Vidole vikatoka salama. Akatabasamu. Mjomba akitabasamu, jua kazi imekwisha.

Muuza matairi alikuja mwenyewe, akapakia matairi ya zamani, rimu na spika zangu, akaondoka anapiga mluzi. Hilo lishike, msomaji. Aliondoka nayo yote.

Jamani, pikapu ilikuwa imesimama! Ilikuwa imevimba mabega kama mtu aliyeitwa mwizi na si mwizi. Nikaisimamisha simu kwenye rafu, nikaiegemeza kwenye kopo la grisi, nikabonyeza kurekodi. Nataka dunia ione ikitoka. Nikapanda, nikawasha, nikaingiza gia.

Ngaa!

Nikakanyaga breki. Nikatoa kichwa dirishani. Paa la pikapu lilikuwa limegota kwenye boriti ya chuma ya mlango wa gereji.

Mjomba akatazama boriti. Akatazama paa. Akanitazama mimi, kana kwamba nimerefuka mimi.

"Mbona iliingia?" akauliza.

"Iliingia ikiwa fupi, mjomba."

Akaipapasa boriti kwa kiganja.

"Mjomba, umepima springi. Umepima madigadi. Umepima mpaka vidole vyako. Mlango je?"

"Mlango si sehemu ya gari."

Nikaanza kuhesabu njia.

Kuyarudisha matairi madogo, itoke, halafu tufungie makubwa nje? Matairi madogo yapo kwa mtu, yanapigiwa muziki wa spika zangu. Kukata boriti? Juu ya boriti kuna chumba anacholala mjomba na mkewe. Kuvitoa vile vipande vya springi? Kazi ya kuanza upya, na mafuta ya taa ya kulegezea kutu yamekwisha.

Na nani anatokea wakati huo? Baba mdogo. Amemshika baba mkono, na nyuma yao rafiki zake wawili wa karata, wameacha karata kwa sababu huku kuna utamu zaidi. Kofia yake ya ngozi imekaa upande. Akasimama mlangoni, akaiangalia pikapu imenasa kama mfupa kooni, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Kaka! Kaka, ungekuwa unaona vizuri! Hii ndiyo ya kwenda mlimani? Hata gereji haijatoka!"

"Kuna nini?" baba akauliza.

"Binti yako kajenga gari ndani ya chupa!"

Wale wa karata wakaangua. Na mimi nikacheka pia, kwa sauti kuliko wao, maana sikutaka waone wameniumiza.

"Mjomba," nikasema, "toa upepo."

Tukatoa upepo kwenye matairi yote. Fyuuu. Gari likashuka. Matairi yakatandazika chini kama unyayo wa mtu mnene. Paa likashuka, likashuka, likasimama. Bado linagusa. Unene wa kidole, basi. Kidole kimoja kati yangu na maisha yangu.

Mjomba akakuna kichwa. "Linahitaji uzito."

Nikageuka polepole. Nikamtazama baba mdogo kuanzia viatu mpaka kofia. Tumbo lake nikalitazama mara mbili.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Salamu ya nini katikati ya aibu?"

"Naomba msaada wako."

"Kusukuma? Mgongo wangu..."

"Hapana. Kukaa. Panda nyuma na wenzako, mkae karibu na kibini, nyuma yangu mimi dereva, mlikandamize gari. Halafu muiname, maana boriti itapita juu yenu."

"Mimi? Niiname?"

"Au unaogopa nitafika?"

Mjomba akakohoa. Wale wa karata, hao wasaliti, walikuwa wameshapanda, mmoja anauliza kama atakaa kulia au kushoto. Baba akanyoosha mkono mpaka akaupata mkono wa mdogo wake.

"Panda, bwana. Mtoto ameomba kwa adabu."

Akapanda. Springi zikalia. Naapa nilizisikia zikisema asante.

"Inameni!" mjomba akapiga kelele.

Nikaachia klachi kidogokidogo. Paa likapita likikwaruza, krrrr, rangi ikabaki kwenye boriti. Wale wawili walikuwa wameficha vichwa katikati ya magoti. Baba mdogo je? Aliinama nusu. Shingo ile haijawahi kuinama, ingejifunzia wapi? Boriti ikamkosa kichwa, ikachukua kofia. Kofia ikabaki inaning'inia pale juu, yeye akatoka mwangani na kipara chake, jua linakiwakia.

Watu wa maduka ya jirani wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga honi. Sikusimama. Nikakata kona mpaka kwenye pampu ya upepo, watoto wananifuata mbio, wale wawili nyuma wanawapungia watu mikono kama wao ndio waliofunga matairi. Baba mdogo alikuwa ameruka chini pale pale mlangoni. Alirudi gereji kutafuta kofia yake.

Na simu yangu ilibaki kwenye rafu. Mara moja tu maishani nimeisahau, na ni siku hiyo.

Jioni mjomba aliniletea. "Imezima," akasema. Ilikuwa imerekodi mpaka moto ukaisha. Na mtaa mzima hauna umeme! Chaji, bila chaji. Wakanicheka mpaka nikaenda kulala.

Jumamosi asubuhi nikaichomeka kwenye pikapu, nikaitupia kwenye kiti. Nyuma nimepakia tangi la zahanati, mabomba, na mifuko ya saruji ya kujengea msingi wake. Baba alisimama mlangoni. Alipitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kwenye yale meno, taratibu, kama anasoma.

"Ni makubwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mama, ukiona linashindwa, liache. Shuka kwa miguu yako."

"Halitashindwa."

Akabaki ameshika tairi. Nikawasha, ndipo akaliachia. Nilidhani ni hofu ya mzazi, nikaondoka.

Chini ya mlima walikuwa wamejaa. Simu zote juu. Dereva wa trekta amekaa kwenye trekta yake, miguu juu ya usukani, anakula muwa.

"Chaji! Nikufunge kamba kabisa tuokoe muda?"

"Kamba hiyo funga suruali yako, inakuanguka!"

Nikashuka. Nikainama kwenye tairi la kwanza, nikatoa upepo kidogo. Nikaenda la pili. Watu wakaanza: "Anatoa upepo! Amechanganyikiwa!" Waache. Jana gereji nililiona tairi likilegea linavyotandazika, unyayo unakuwa mpana. Nikajiuliza usiku kucha: kama ulinitoa gerejini, kwa nini usinipandishe mlimani? Mtu akipita kwenye tope anatembea kwa unyayo wote, hatembei kwa kisigino.

Gia ya kwanza. Gari lilikuwa zito kuliko nilivyolizoea, matairi makubwa yanaifanya injini ijikaze. Nikalinong'oneza, twende mama, twende. Likaenda.

Nikafika kwenye ile kona. Unaikumbuka kona. Alama za trekta bado zipo. Gari likateleza kushoto, kushoto, mtaro ukafungua mdomo, watu huko chini wakasema "aaaah" wote kwa pamoja, kama wameajiriwa. Sikukanyaga breki. Sikukanyaga mafuta. Nikaushika usukani na kungoja. Halafu nikasikia meno ya tairi la nyuma yakiuma. Ngwa! Yakapata jiwe chini ya tope. Gari likajinyoosha, likapanda.

Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari mpaka sauti ikakauka. Na sina hata spika!

Nesi alitoka zahanati na mabuti ya mvua, gauni limekunjwa. Hakulitazama tangi. Alilitazama gari. Akaja akaweka mkono juu ya bampa.

"Linaweza kuja tena?"

"Dada nesi, hili? Kila siku."

"Na kushuka na mtu mgonjwa?"

"Hata wawili."

Akaniambia wajawazito wakizidiwa wanawashusha kwa machela, wanaume wanne, kwenye tope lile lile. Wiki hii machela iliteleza. Mama alipona. Mtoto hakupona. Alinieleza hayo bila kulia, akiwa bado ameshika bampa.

"Sasa nimepata gari," akasema.

Msomaji, nilijisikia mkubwa kuliko ule mlima.

Wakati vijana wa kule wanashusha tangi, nikaichukua simu. Imejaa chaji. Nikasema ngoja niirushe ile video ya kutoka gereji, kofia inaning'inia, nchi nzima ifurahi. Nikaiangalia. Ngaa. Fyuuu. Inameni. Kofia. Nilicheka peke yangu.

Video ikaendelea. Gereji tupu, mjomba kanifuata kwenye pampu. Halafu baba mdogo akaingia, akachukua fimbo, akaiangusha kofia. Nyuma yake baba, anapapasa ukuta.

"Kaka, ule ufunguo wa akiba nimeutia mfukoni. Wasiwasi wako wa nini?"

"Nimekwambia si kabla ya kushuka. Apande mara hii moja. Nikimzuia sasa ataondoka nalo kwa nguvu."

"Na akifika juu?"

"Akifika, asifike, chukua. Ukalitumie huko mbali asilione tena."

Baba mdogo akacheka. "Na kanifungia matairi mapya! Kweli una mtoto mwema!"

"Usicheke." Sauti ya baba ilikuwa ndogo. "Ule mlima utamla yule. Bora mwanangu anichukie akiwa mzima."

Nikairudisha nyuma. Nikaisikiliza tena. Nikairudisha tena.

Akifika, asifike!

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusambaza. Nikakitoa. Baba yangu nimuanike kwa watu wanaowekea watu muziki? Hapana. Sijafika huko.

Lakini kukaa kimya pia sijafika.

Nikafungua nyuma ya kiti, pale spika zilipokuwa, nikatoa jeki na spana ya magurudumu. Gari ni la baba. Sawa. Ampe amtakaye. Matairi ni yangu! Nimeyanunua kwa muziki wangu. Nitalikalisha gari lake juu ya mawe, hapa hapa kileleni, nitayabingirisha matairi yangu mpaka nyumbani moja moja, na baba mdogo alibebe gari mgongoni.

"Unafanya nini?" nesi akauliza.

"Nachukua kilicho changu."

Nikamwonyesha video. Akaitazama yote. Hakunipa pole.

"Ukiyatoa, gari halishuki."

"Ndiyo."

"Na wagonjwa wangu?"

"Nikiyaacha, anaondoka nalo. Wagonjwa wako pia hawalipati!"

"Ukiyaacha, angalau leo lipo." Akaonyesha dirisha la zahanati kwa kidevu. "Mle ndani kuna mmoja ameanza uchungu tangu alfajiri. Bado sijajua kama nitahitaji kumshusha."

Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza. Hapo simu ikaita mfukoni. *Baba.*

Na chini, kwenye kona ya trekta, nikaona kofia ya ngozi inapanda. Baba mdogo, kwa miguu, tope mpaka magotini, anapunga mkono kama mtu wa heri. Kwenye mkono ule kitu kinametameta. Ufunguo.

"Hongera, binti!" alipaza sauti. "Sasa nipishe mimi nikushushie!"

Simu inaita. Nesi ananitazama. Ndani ya zahanati mtu akalia kwa sauti, sauti ya kwanza ya namna ile.

Mikono yangu yote miwili iko kwenye spana. Upande huu inalegeza, matairi ni yangu; upande ule inakaza, gari linabaki la kumshusha mgonjwa. Baba mdogo amebakiza hatua chache.

Wewe uliyekaa kwenye kiti chenye mgongo, niambie: ungekuwa wewe, ungeizungusha upande gani?